Bustani ya Uani: Historia ya Asumini, Mhina na Mrehani Visiwani, na Tiba ya Maradhi Yake



Kila masika yakikaribia, maswali ya bustani huwa ni yale yale. Mwasumini una majani tele lakini hautoi hata ua moja. Mrehani umenyauka wiki ya pili tu. Mhina umeungua ncha za majani. Wengi wetu huamua kwamba mikono yetu ni mizito, tukaacha, na harusi ikifika tunamtuma mtoto Darajani akanunue kikuba cha tangu jana na pakiti ya hina isiyojulikana ilisagwa lini.

Leo tutazame jambo hili kwa kurudi nyuma kidogo. Matatizo haya hayakuanza na sisi. Wanawake wa visiwa hivi wamepanda maua na majani ya harusi juu ya mawe, karibu na chumvi, na mara nyingi kwenye ardhi isiyokuwa yao, kwa zaidi ya miaka mia na hamsini. Walifaulu kwa sababu waliujua udongo wao na maji yao. Sisi tumerithi miti, elimu yake imetuponyoka. Hebu tuirudishe, inshaallah.

Tuanze na ardhi yenyewe

Unguja haina udongo wa aina moja, na wakulima wetu wa zamani walikuwa na jina kwa kila aina. Upande wa magharibi na katikati kuna kinongo, udongo mwekundu wenye kina, ndio uliobeba mikarafuu. Upande wa mashariki na kusini kuna uwanda na maweni, ambako jembe likishuka kidogo tu linagonga jiwe la matumbawe. Mji Mkongwe nao umekaa juu ya rasi ya matumbawe, nyumba zake zimejengwa kwa mawe hayo hayo na kupigwa chokaa. Miaka ikipita, chokaa ya kuta hupukutika na kuingia katika udongo wa uani.

Hapo ndipo penye jibu la swali la kwanza. Ukiona majani machanga ya mwasumini yanageuka manjano lakini mishipa yake imebaki kijani, mara nyingi si njaa ya mbolea. Ni chokaa. Udongo wenye chokaa nyingi hufunga madini ya chuma, mti ukawa hauwezi kuyanyonya hata kama yamo. Na hapa dada wengi huongeza tatizo kwa kumwaga majivu ya jikoni. Majivu yanafaa kwenye kinongo cha shamba, ambacho huwa na uchachu. Juu ya udongo wa chokaa majivu ni kuongeza chokaa juu ya chokaa. Weka badala yake samadi iliyooza vizuri na majani makavu yaliyooza, halafu uusogeze mti mbali na ukuta. Kama ua wako wote ni mawe, usipigane nayo, panda kwenye chombo.

Mtoni na kitabu cha Bibi Salme

Habari za bustani za zamani za Unguja tunazipata kwa mwanamke. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, alizaliwa mwaka 1844 katika kasri ya Mtoni, na mwaka 1886, akiwa anaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Ndani yake ameueleza ua mkubwa wa Mtoni, ndege na wanyama waliokuwa wakitembea humo, tausi na paa wakiwemo, na nyumba za kuogea zilizozungukwa na michungwa. Kasri ilikuwa kando ya mto na maji yalikuwa ya kutosha. Huko juu Kidichi nako Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi hamamu, ambayo bado imesimama katikati ya mashamba ya viungo.

Tunapenda kuusimulia uzuri huo, lakini tuusimulie kwa ukamilifu. Waliochimba, waliochota maji na waliochuma maua katika mashamba ya matajiri wa wakati ule walikuwa watumwa, wengi wao wanawake. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na hata hapo masuria hawakuingizwa mpaka mwaka 1909. Kwa hiyo tukisema “elimu ya bibi zetu”, tuwaheshimu pia bibi ambao walitunza mwasumini ambao ua lake halikuwa lao.

Maji: chumvi, kisima na mfereji

Mji uliozungukwa na bahari haukosi chumvi. Jina la Darajani lenyewe linatokana na daraja lililovuka mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Kwa muda mrefu watu wa mjini walitegemea visima, na visima vya karibu na pwani vina kasoro yake. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta mjini maji ya mabomba kutoka chemchemi za nje ya mji. Kwa mama wa nyumbani huo ulikuwa mwanzo wa kumwagilia maji matamu bila ya kungojea mvua.

Leo tumerudi tulikotoka. Mitaa mingi hutegemea visima vya kuchimbwa, na maji ya kisima cha karibu na pwani yakitumika miezi mingi huacha chumvi katika udongo. Dalili yake ni ncha za majani kuungua rangi ya kahawia na ukoko mweupe kutokea juu ya udongo wa ndoo. Tiba yake ni hii:

Kwanza, hakikisha chombo kina matundu chini. Halafu mwagilia maji matamu mengi mara moja, mpaka yatiririke chini kwa muda, ili yaondoke na chumvi. Rudia baada ya siku chache.

Pili, kinga maji ya mvua. Dumu moja chini ya bati wakati wa masika ni hazina ya mrehani na waridi, ambazo hazivumilii chumvi.

Tatu, usichukue mchanga wa pwani kuchanganyia udongo. Chukua mchanga wa shamba.

Nne, kama unatumia makumbi ya nazi kutandaza juu ya udongo, yaroweke kwanza katika maji matamu na uyamwage maji hayo, kwa sababu makumbi nayo huwa na chumvi.

Na usisahau maji ya udhu. Ukitawadha juu ya beseni, mara tano kwa siku, unapata maji safi ya kutosha ndoo kadhaa za maua. Dini yetu inatukataza israfu ya maji, na hapa unapata ibada na bustani kwa kata moja. Maji yenye sabuni nyingi au dawa ya kufulia usiyapeleke kwenye mti.

Wakati wa kumwagilia ni asubuhi baada ya Alfajiri, au jioni jua likishapungua. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole kwenye udongo. Kama chini bado pana unyevu, ngoja. Mirehani mingi hufa kwa kuzamishwa kuliko kwa kiu: majani yanalegea, mwenyewe anadhani ni kiu, anaongeza maji, mizizi inaoza.

Miti iliyokuja kwa majahazi na meli

Mingi ya miti tunayoiita ya kwetu ni migeni iliyopata uraia. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, ikapitia visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi kabla ya kufika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Mlangilangi ulitoka Asia ya mbali, na mwasumini wenye maua mazito asili yake pia ni Asia. John Kirk, tabibu wa Kiskoti aliyefika Zanzibar mwaka 1866 na baadaye akawa balozi, alipenda sana elimu ya mimea na alikuwa na bustani yake Mbweni, ambako alijaribu miche kutoka nchi mbali mbali. Bustani ya Victoria pale Vuga ilipata baadhi ya mimea kwake. Mwaka 1949 serikali ya Zanzibar ilichapisha kitabu kikubwa cha R. O. Williams juu ya mimea ya manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba.

Faida ya kujua mti umetoka wapi ni kujua unataka nini. Mhina ni mti wa nchi kame. Unataka jua kali na udongo usiotuamisha maji, na ukishashika hautaki kubembelezwa. Mhina uliopandwa kivulini na kumwagiliwa kila siku utakuwa na majani laini yenye rangi hafifu. Mwasumini unataka jua la kutosha, angalau nusu ya mchana. Kama una majani tele na hauna maua, sababu kubwa ni tatu: kivuli, samadi nyingi mno, au kutopunguzwa. Baada ya msimu wa maua kupita, kata matawi kiasi cha theluthi moja. Maua hutoka kwenye matawi mapya, na usipokata hayatoki matawi mapya ya kutosha.

Mrehani, kinyume chake, ni wa kuchumwa kila mara. Ukiuacha utoe maua na mbegu, unajiona umemaliza kazi yake na unazeeka. Chuma ncha kila wiki. Ukitaka mwingine, kata tawi lisilo na ua, liweke katika gilasi ya maji dirishani, na kwa kawaida baada ya wiki moja au mbili mizizi hutoka.

Bustani ya kwenye ndoo

Kwa nini bibi zetu wengi walipanda kwenye makopo, masufuria mabovu na ndoo zilizotoboka hata walipokuwa na ua? Sehemu ya jibu imo katika historia ya ardhi. Visiwani ilikuwa ni desturi mti kuwa na mwenyewe na ardhi kuwa na mwenyewe mwingine. Wenye mashamba waliwaruhusu wakaazi kupanda muhogo na vyakula vya msimu chini ya mikarafuu, lakini mti wa kudumu ulikuwa jambo jingine, kwa sababu aliyepanda mti alikuwa na haki juu yake. Ng'ambo nako watu wengi, wanawake wakiwemo, walimiliki nyumba zao za udongo lakini wakilipa kodi ya kiwanja. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi hiyo. Mtu asiyekuwa na uhakika wa kiwanja anaona maana ya mti unaoweza kubebwa.

Ndoo ina kanuni zake, na nyingi zinavunjwa. Toboa matundu matano au sita chini. Weka vigae au vijiwe kuziba matundu kidogo tu, udongo usitoke. Changanya sehemu mbili za udongo mwekundu, sehemu moja ya samadi iliyooza na sehemu moja ya mchanga wa shamba. Samadi mbichi huunguza mizizi. Iache ikae mpaka isinuke tena. Mwasumini unataka ndoo ya lita 20 au zaidi. Mrehani unatosheka na kopo la rangi la lita 4 lililosafishwa vizuri. Na ndoo ikijaa mizizi, mti hudumaa: utoe, punguza mizizi ya nje, badilisha udongo. Fanya hivyo kila baada ya miaka miwili hivi.

Siafu, chungu na maji moto

Wadudu wanaoulizwa sana ni vidukari, wale wadogo wanaojaa chini ya jani changa, na wale weupe wanaofanana na vipande vya pamba. Ukiwaona, tazama kama kuna chungu wanaopanda na kushuka. Chungu hula utamu unaotolewa na wadudu hao, na kwa hiyo huwalinda kama mchungaji na mbuzi wake. Ukiwaua vidukari tu na kuwaacha chungu, wiki ijayo wamerudi.

Lakini si kila chungu ni adui. Katika miaka ya 1950 mtaalamu M. J. Way alichapisha utafiti alioufanya hapa Zanzibar juu ya maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa nyumba. Aliwaona wakiilinda minazi dhidi ya mdudu anayefyonza nazi changa zikaanguka, na mdudu huyo hata jina lake la kitaalamu limebeba jina la Way. Kwa hiyo mnazi wa uani ukiwa na maji moto, usiwachome moto. Wanauma, ndiyo, lakini wanafanya kazi.

Kwa vidukari na weupe: tia kijiko kimoja cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika lita moja ya maji, nyunyizia chini ya majani wakati wa jioni, na asubuhi suuza kwa maji safi. Rudia baada ya siku nne au tano. Unaweza pia kuponda majani ya mwarobaini, ukayaroweka usiku kucha, ukachuja na kunyunyizia. Kwa mrehani na mhina, acha siku kadhaa na uoshe majani kabla ya kutumia. Konokono wakubwa wa masika dawa yao ni tochi na ndoo baada ya Isha: okota. Kuku nao wawekewe uzio, kwa sababu kuku mmoja anaweza kumaliza kitalu kizima kwa asubuhi moja.

Ua ulipopotea

Baada ya Mapinduzi ya 1964 sura ya mji ilibadilika. Majumba ya Michenzani, yaliyoanza kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, yalizipa familia nyingi nyumba za mawe na maji ya ndani. Kilichobaki chini ni ua. Baadhi ya akina mama walipandisha ndoo zao ngazi kwa ngazi mpaka roshani. Wengine waliacha. Na siku hizi hata viwanja vipya tunavitia saruji mpaka ukutani ili pasiwe na matope.

Hasara ya jambo hili tunaiona kwenye mikono ya maharusi. Mhina ulipotoka uani, piko iliingia. Piko ni rangi nyeusi ya nywele, na ndani yake huwa na kemikali ijulikanayo kwa kifupi PPD. Kwenye ngozi inaweza kusababisha malengelenge na kuungua, na kovu la ua lililochorwa likabaki miaka. Mtu ambaye mwili wake umeshaikataa mara moja huikataa maisha. Hina ya majani haiwi nyeusi kamwe: huanza rangi ya machungwa na baada ya siku moja au mbili hukoza kuwa nyekundu ya kahawia. Ukiambiwa hii ni hina nyeusi, uliza imechanganywa na nini. Mti mmoja wa mhina mtaani, wenye somo anayeujua, ni kinga ya maharusi wote wa mtaa ule.

Kalenda ya biharusi

Sisi tunaoshona nguo za harusi tunajua kwamba kitambaa huletwa miezi kabla. Bustani nayo ni hivyo hivyo.

Mwaka mmoja au zaidi kabla: panda mhina kwa kijiti, mwanzo wa masika au wa vuli. Kama muda hautoshi, tafuta mwenye mti.

Miezi sita kabla: nunua mche wa mwasumini uliokwishashika, uhamishie kwenye ndoo kubwa, uweke juani.

Miezi mitatu kabla: panda mirehani, kopo tatu au nne, kwa kupishana wiki mbili.

Wiki tatu kabla: chuma majani ya mhina, yakaushe kivulini, si juani, kwa sababu jua hupunguza rangi. Yatwange, yachekeche kwa kitambaa chepesi, uyaweke kwenye chombo kilichofungwa vizuri na kisichoingia mwanga. Ikanyage kwa ndimu saa kadhaa kabla ya kupaka.

Siku yenyewe: chuma asumini jioni zikiwa bado vikonyo vilivyofumba. Zitafunguka usiku zenyewe, ndani ya kikuba pamoja na rehani, kilua na waridi. Kama kikuba kitabanwa kifuani, kiwekee kipande cha kitambaa nyuma, kwani asumini ikinyauka huacha doa la kahawia kwenye satini. Na manukato haya, dada, ni ya nyumbani kwako na kwa mumeo. Si ya njiani.

Rehani imetajwa katika Surat Ar-Rahman, na katika Sahih Muslim imepokewa kwamba Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alitufundisha tusimrudishe anayetupa rehani, kwa kuwa ni nyepesi kubeba na harufu yake ni nzuri. Imepokewa pia kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, ni sadaka yake. Basi hata wale konokono tuliowachelewa wana fungu lao.

Dada mwenye roshani aanze na kopo moja la mrehani, na dada mwenye ua aache upenyo mmoja bila saruji. Na mwenye bibi aliye hai amuulize wiki hii hii alikuwa akipanda nini, wapi, na akimwagilia maji gani.

Allah atujaalie nyumba zenye harufu njema na ndoa zenye baraka. Amin.